Jina la Sista Katika Daftari la Wagonjwa

Siku walipomchagua kuwa mwenyekiti, Spoku alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono ikinuka grisi, akingoja mkutano uishe arudi kazini. Alikuwa fundi baiskeli, mwanamume wa miaka hamsini na sita, mrefu na mwembamba kama zile spoku za gurudumu zilizompa jina. Kusema mbele za watu hakukuwa fani yake. Katika miaka kumi na mmoja ya kujitolea klabuni hakuwahi kusimama akasema zaidi ya "ahsanteni" na "kile kiti kimepona."

Klabu yenyewe haikuwa kubwa: watu ishirini na watatu, chumba kimoja cha kuazima nyuma ya zahanati, na stoo iliyojaa viti vya magurudumu, magongo na vitanda vya kukunja. Kila Jumamosi asubuhi walikutana, wakagawana majina kutoka kwenye daftari la wagonjwa, kisha wakaenda nyumba kwa nyumba. Huyu wamwogeshe, yule wamfulie, yule mwingine asiyeona wamkate kucha. Hakuna aliyelipwa. Aliyeianzisha klabu ni muuguzi ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, mama wa miaka sabini na nne, mfupi, mnene kidogo, mwenye kutembea kama anawahi basi. Aliiongoza miaka kumi na tisa.

Kilicholeta uchaguzi huo ni beseni la kuogea. Miezi miwili nyuma, Sista aliwatuma wanachama wawili wakamwogeshe fundi saa mmoja mzee aliyepooza upande wa kushoto. Wakaenda na beseni lao, sabuni na taulo. Mke wa fundi saa akafungua mlango, akawatazama usoni, kisha akalitazama beseni. Mumewe alikuwa na miezi minne kaburini. Sista mwenyewe alikuwapo mazikoni, na udongo aliutupia kwa mkono wake. Mjane hakuwatukana wale watu. Aliwakaribisha ndani, akawaonyesha kitanda kilichotandikwa vizuri, akasema, "Mwambieni Sista ameshaoga." Kisha akakaa chini pale pale mlangoni, akalia.

Haikuwa mara ya kwanza Sista kuteleza. Alikuwa akiita watu kwa majina ya wengine, akifunga stoo na kusahau ufunguo kauficha wapi, akitoa tangazo moja mara tatu. Wanachama walimfunikia. Lakini baada ya habari ya beseni, katibu wa klabu, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye sauti kama kengele ya shule, alisema sasa basi.

"Sote tunampenda," alisema Mwalimu. "Lakini hatuwezi kuwaliza wenye misiba kwa sababu ya mapenzi yetu."

Basi mkutano ukaitwa. Sista alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Mwalimu akaeleza kwa maneno ya kuzungukazunguka kwamba klabu inahitaji nguvu mpya, kisha akataja jina la Spoku.

Spoku alidhani masikio yanamdanganya. "Mimi? Jamani, mimi fundi baiskeli tu."

"Mtaa mzima unakujua," mtu akamjibu. "Kuna nyumba gani hujaingia na pampu yako?"

Watu wakacheka. Sista akamgeukia aliyekaa ubavuni mwake. "Tunapigia kura nini?"

"Mwenyekiti, Sista."

"Anagombea nani?"

"Spoku."

"Huyo anafaa," alisema Sista, akanyoosha mkono juu kabla ya wengine wote. "Ila anyoe hizo ndevu."

Mikono mingine ikafuata. Spoku aliutazama ule mkono wa kwanza, mnene, wenye saa ya kiuguzi ya zamani, asijue kama mwenyewe ameelewa ni kiti cha nani anachokigawa. Alitamani mtu amwambie Sista waziwazi. Hakuna aliyemwambia, na yeye mwenyewe hakufungua mdomo.

Alikuwa na sababu yake. Miaka kumi na mitatu nyuma, mke wake, mpishi wa shule ya msingi, aliugua uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi, asitembee tena. Sista alikuja bila kuitwa, akisukuma kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake la kushoto lililia njia nzima kama paka aliyekanyagwa. Spoku hakuvumilia. Alikipindua uani, akafungua beringi, akaisafisha, akatia grisi.

"Kumbe una mikono," Sista alimwambia. "Stoo viko vingine tisa."

"Sista, mimi nina mgonjwa."

"Najua. Nimesema viko tu."

Kwa miaka miwili Sista alikuja mara mbili kwa wiki. Alimfundisha Spoku kumgeuza mkewe kitandani asipate vidonda, kumlisha bila chakula kumpalia, na kutoka nje kidogo akalie, akirudi uso uwe mkavu. Mwisho alimsaidia kumfumba macho. Mwezi ulipopita, Spoku alirudisha kile kiti kikiwa kinang'aa, akasimama mlangoni mwa klabu akijikuna kichwa, akauliza, "Vile tisa bado vipo?"

Huyo ndiye mtu waliyemkalisha kwenye nafasi ya Sista.

Jambo la kwanza alilolifanya lilimshinda. Aliita mkutano wa wakazi wote, aseme nao, awaulize wanataka nini. Akaazima viti sitini. Wakaja watu watatu, na wawili kati yao walidhani kuna unga wa kugawa. Walipoambiwa hakuna unga wakasubiri kidogo kwa adabu, kisha wakaaga. Yule wa tatu alikuwa amelala.

"Tuseme ukweli," Mwalimu alimwambia wakikunja viti. "Watu wametuchoka."

"Wametuchoka kwa lipi?"

"Kawaulize."

Spoku akaenda kuwauliza, kwa njia aliyoijua. Kila jioni akifunga kibanda chake alichukua mfuko wa spana, akapita uchochoro mmoja mmoja. Alibisha hodi, akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Kila nyumba ina kitu kimeharibika. Akakaza bawaba za milango, akaziba mabomba, akatia kiraka mipira ya baiskeli za watoto, na mikono ikiwa kazini aliuliza maswali yake bila kumwangalia mtu machoni. Watu humwambia fundi mambo ambayo hawamwambii kiongozi.

Aliyoyasikia yalimchoma. Mwanamke mmoja mshonaji, aliyekuwa hawezi kusimama tangu ajifungue mtoto wake wa pili, alimwambia, "Kaka, naomba nisikukosee. Mnakuja watu wanane. Mnasimama chumbani kwangu, mnapiga picha na mimi nimevaa khanga ya kulalia, mnaondoka. Mkiondoka nabaki na haya wiki nzima."

"Ungependa tufanyeje?"

"Aje mmoja. Akae. Aniulize nimeshona nini leo."

Baba mwingine alimwonyesha kiti cha magurudumu cha klabu kilichowekwa juu ya kabati. Kiti hakikupita mlangoni. Kwa miaka mitatu klabu ilikiandika kuwa kinatumika, na mtoto wake, asiyeweza kutembea, alikuwa akitambaa.

Spoku alirudi na hayo kwenye mkutano wa Jumamosi, akayasema yote kwa ulimi wake mzito, akirudia rudia. Picha zikafa siku hiyo. Wakakubaliana kwamba mgonjwa atatembelewa na mtu mmoja, yule yule kila wiki. Kisha Spoku akawaendea majirani wa yule baba, mwashi mmoja na seremala, ambao kila siku walimwona mtoto akitambaa. "Sikuja kuomba mchango," aliwaambia. "Nimekuja kuomba Jumapili moja." Mlango ukapanuliwa kwa siku moja. Mwashi akasawazisha kizingiti, seremala akafunga fremu mpya, na jioni mtoto akatoka nje amekaa kwenye kiti, akaenda hadi dukani na kurudi, kisha akaenda tena, kisha tena, hadi mama yake akamwita ndani kwa ukali huku anafuta machozi. Mwezi uliofuata mwashi na seremala waliandika majina yao klabuni. Mshonaji naye akaomba apewe shuka za wagonjwa azishone akiwa kitandani. Mwaka haujaisha, wanachama walikuwa arobaini na saba.

Yote hayo yangemfurahisha Spoku kama si Jumamosi zenyewe.

Kwa sababu Sista hakuacha kuja. Saa mbili kamili alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, miwani puani, akisoma majina ya daftari la miaka mitano nyuma. Spoku alimwacha afungue mkutano. Akimaliza, Spoku alinong'ona na watu pembeni, akigawa kazi halisi kama mwizi anayegawa mali. Wanachama wa zamani walielewa. Wapya walishangaa. Mwashi aliuliza siku moja, bila ubaya, "Samahani, siku hizi Sista ni nani hapa?"

Mwalimu alimvuta Spoku stoo. "Mwenyekiti ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi mwambie. Si kumheshimu huku. Ni kumchezea."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Spoku akashika gurudumu la kiti kilichokuwa karibu, akalizungusha, akalisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. "Nimesema nitamwambia."

Hakumwambia. Kila Jumamosi alipiga moyo konde njiani, na kila Jumamosi alimkuta Sista amemtunzia kikombe cha chai, amekifunika kwa kisahani, na nia yake yote ikayeyuka.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mvua. Sista alichelewa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Spoku akakalia kile kiti ili mkutano uanze. Alikuwa katikati ya sentensi mlango ulipofunguliwa. Sista alisimama amelowa, kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia.

"Nani amekuruhusu kukaa hapo?"

Watu arobaini na saba, na mvua juu ya bati.

"Nakuuliza wewe. Mimi nimekufa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema. Spoku aliijua, na Mwalimu alimkazia macho kwamba ndiyo hiyo. Spoku akainuka, akakifuta kiti kwa kiganja, akasema, "Karibu, Sista. Nilikuwa nakupashia moto tu."

Sista akakaa. Akatazama nyuso zile nyingi asizozijua, akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. "Tulikuwa wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Siku tatu baadaye binti yake, karani wa mahakama aliyeishi naye, alikuja kibandani kwa Spoku. Hakukaa.

"Kaka, jana mama alipotea. Wamempata hospitalini, wodi aliyokuwa akifanyia kazi. Amevaa sare yake ya zamani, anaomba apewe ripoti ya zamu." Akakaza mtandio wake. "Wauguzi wadogo walimcheka. Si wote. Lakini alisikia."

Spoku aliweka spana chini.

"Nimeomba ruhusa kazini wamekataa," dada yule aliendelea. "Nikitoka namfungia ndani. Mama yangu, kaka. Namfungia kama kuku. Naomba asije tena klabuni, akitoka njia inampotea. Ila kama mnaweza, mje nyie kwake."

"Tutakuja."

"Nani atakuja?"

"Mimi."

Jumamosi hiyo Spoku alifungua daftari la wagonjwa, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika jina la Sista, namba ya nyumba, na kwenye sehemu ya hali ya mgonjwa akaandika "kusahau." Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Kurasa zote za mwanzo zilikuwa na mwandiko wa Sista, ule wa kiuguzi wenye herufi zilizosimama wima. Mwalimu, aliyekuwa akimchunguza juu ya bega, alitoa leso, akapenga kamasi kwa kelele na kwenda kusimama dirishani.

Spoku akaanza kwenda kila Jumatano mchana, akifunga kibanda saa sita. Mara ya kwanza Sista alimfungulia akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe ndiye mpya?"

"Ndiyo, Sista."

"Kaa. Nionyeshe kucha." Akazikagua. "Chafu. Humshiki mgonjwa na kucha hizi. Ukiingia nyumba ya mtu unabisha, unangoja, hata kama mlango uko wazi. Hukai kitandani kwake, kitanda ndiyo nyumba yake yote. Na usiseme 'pole' kila dakika, utamchosha. Umesikia?"

"Nimesikia."

Yalikuwa maneno yale yale aliyomwambia zamani, neno kwa neno. Spoku aliyasikiliza Jumatano baada ya Jumatano, na siku zilizofuata alikata kucha kabla hajaja.

Lakini zilikuwapo Jumatano ambazo Sista alimtambua, na hizo zilikuwa mbaya zaidi. "Spoku! Mkeo hajambo? Mgongo vipi?"

Mara ya kwanza Spoku alisema kweli. "Sista, alishafariki. Huu mwaka wa kumi na mbili sasa." Sista akashika kifua. Alilia kama mtu aliyepata habari asubuhi hiyo. Akauliza nani alikuwa naye, kama aliumia, na kwa nini hawakumwita. Spoku alimwambia, "Ulikuwapo, Sista. Wewe ndiye uliyemfumba macho," lakini hakuamini, akalia mchana kutwa, na binti aliporudi alimkuta hajala.

Wiki iliyofuata akauliza tena. "Mkeo hajambo?"

"Hajambo," alisema Spoku. "Anakusalimu."

"Unamgeuza kila saa mbili?"

"Namgeuza."

"Vizuri. Mwambie nitapita."

Hivyo kila Jumatano Spoku akawa anamsimulia habari za mkewe: leo amekula vizuri, leo amecheka, leo amelalamika kwamba mchuzi una chumvi nyingi. Akitoka pale alisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda. Hakumwambia mtu yeyote jambo hilo. Lilikuwa linamuumiza, na lilikuwa saa pekee katika wiki ambayo mkewe alikuwa hai.

Miguu ya Sista ikaanza kukataa. Spoku akamletea kiti cha magurudumu kizuri kuliko vyote vya stoo. Sista akakisukuma kwa fimbo. "Hiki cha mgonjwa. Kampe mgonjwa."

"Ndiyo nampelekea," alisema Spoku. "Ila sijui kama kinaumiza mgongo. Hebu kijaribu, Sista, wewe ndiye unayejua."

Sista akakaa, akajitikisa, akapapasa mikono ya kiti. "Kinafaa. Lakini mkono wa kulia uko chini kidogo." Spoku akaurekebisha. Wiki iliyofuata akamwomba ajaribu tena, na iliyofuata tena. Alikijaribu kiti hicho miezi mitano, na hakujua hata siku moja kwamba ni chake.

Siku moja tu pazia lilifunguka. Ilikuwa mchana wa jua, wako barazani, Spoku anamkata kucha za miguu. Sista akasema taratibu, kwa sauti yake ya zamani kabisa, "Mlinitoa, sivyo?"

Mkasi ukasimama. "Ndiyo, Sista."

"Lini?"

"Mwaka jana. Ulininyooshea mkono mwenyewe. Sijui kama ulijua."

"Sikujua." Akatazama barabarani. "Nilikosea nini?"

Spoku akamweleza habari ya beseni, yote, hadi maneno ya mjane. Sista alisikiliza bila kupepesa.

"Maskini," alisema. "Maskini yule mama. Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa."

"Ningelia siku moja. Kisha ningekwenda kumwomba radhi." Akamwekea mkono kichwani, mzito. "Sasa nitasahau kabla sijafika. Nenda wewe. Mwambie nimekutuma."

Spoku alikwenda siku hiyo hiyo, nguo za kazi mwilini. Mjane alimsikiliza, akasema alishasamehe zamani, akamfungia maandazi mawili ya Sista. Aliporudi, Sista alimtazama kwa mashaka. "Wewe ndiye mpya?" Alikula maandazi yote mawili, akasema hayana iliki ya kutosha.

Alifariki wiki sita baadaye, asubuhi, binti yake akimvalisha. Mazikoni walikuja watu wa magongo, watu wa viti vya magurudumu, mshonaji akiwa amebebwa na mwashi. Walimwomba Spoku aseme neno kama mwenyekiti. Akasimama, akasema, "Alinifundisha kubisha hodi," na hakuweza kuendelea. Mwalimu akampokea kwa kumshika mkono.

Mkutano wa mwaka ulipofika, hakuna aliyetaka kusikia jina lingine. Spoku alikubali, shingo upande, kwa sharti moja.

"Miaka miwili tu," alisema. "Na nikianza kuharibika kabla ya hapo, mniambie. Usoni. Msinyooshe mikono na kunipigia makofi. Mniambie nikiwa bado naweza kulia mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Binti wa Sista, aliyekuwa ameandikishwa mwezi huo, aliinamisha kichwa. Mwalimu aliliandika neno lile kama lilivyosemwa, akauliza kama kuna anayepinga, akangoja. Halafu akasoma jambo lililofuata: nyumba moja karibu na kisima, mgonjwa mpya, ngazi tatu mlangoni, kiti hakipandi, na anatafutwa mtu mwenye saruji.